Kulia Mbele ya Wageni

Tarehe 11 Agosti, 1983

Kwa dada yangu mpenzi Moinafouraha,
Mutsamudu.

Assalaam alaykum warahmatullah. Kwezi, dada. Najua hata kama umekasirika utaiitikia hiyo kwezi yangu kwa "mbona" kama desturi yetu, kwa sababu tangu utoto wetu hujapata kuiacha salamu yangu ikae bila jibu. Namwomba Mungu barua hii ikukute mzima, macho yako yamepata nafuu, na mwanao Rachadi kikohozi kimemwachia. Nisalimie majirani wote, hata wale wanaotuita Sabena kwa jina la ndege iliyotutoa Majunga kule Madagaska, kana kwamba tulikuwa mizigo iliyosahauliwa ndani yake. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine nitakueleza kwa utaratibu. Nakuomba usiikunje barua kabla hujafika mwisho, kwa kuwa Bwana Mouzaoir anakusudia kuja kwako na tai yake na maneno yake matamu, nami nataka neno langu likufikie kwanza.

Umeniuliza mara nyingi habari za Nyumba ya Nuru, nami nikakujibu kwa ufupi kwamba tunasoma. Sasa nitakwambia tunasoma nini.

Nyumba yenyewe unajua iko Badjanani, Moroni, katika vile vichochoro vya karibu na Msikiti wa Ijumaa, ghorofa nzuri ya mawe yenye mlango wa kuchonga. Juu ya mlango pameandikwa kwa Kifaransa kwamba humo watoto wa maskini wa visiwa vyote wanaandaliwa kwa bakaloria, ule mtihani wa kumaliza sekondari, na kwa vyuo vikuu vya ng'ambo. Mlezi wake ni Bi Zoubeda, mke wa mkubwa mmoja wa serikali, mwanamke anayenukia mlangilangi kiasi kwamba ukitaka kujua kama yuko nyumbani huna haja ya kubisha hodi. Mkurugenzi ni huyo Mouzaoir. Mfadhili mkuu ni Kapteni mmoja, katika wale wazungu wa bunduki waliotokea baharini mwaka wa sabini na nane, wakampindua rais aliyekuwepo, na tangu siku hiyo wanakaa kwetu kama mabwana harusi ambao hakuna aliyewaoza. Huyu amejipa jina la Kiislamu na shamba kubwa mlimani. Jina halitamki vizuri. Shamba analijua vizuri sana.

Somo la kwanza tulilofundishwa ni mwenendo. Bwana Mouzaoir alitufundisha mwenyewe, kwa sababu alisoma Bordeaux, na haupiti muda bila kuitaja Bordeaux, hata ikinyesha mvua atakwambia mvua ya kule ilivyo na adabu. Alitufundisha kushika uma, kukaa kitini bila kuachanisha magoti, na kusema asante kwa namna tatu kulingana na cheo cha mtu. Hisabati tulifundishwa na kijana mmoja wa Kifaransa mpaka alipopata homa akarudi kwao. Mwalimu wa fizikia jina lake lilikuwa ukutani mwaka mzima, ila uso wake sikuwahi kuuona. Nilipouliza, Bwana Mouzaoir alinijibu kwamba chuo kikuu hakimtaki mtu anayejua fizikia tu, kinamtaka mtu aliyelelewa. Nikamwambia kwamba mimi nimelelewa na wewe na sikuja Moroni kutafuta mlezi wa pili. Akaandika kitu katika karatasi yake, na wiki ile nikanyimwa nyama.

Aliyetufundisha fizikia ni Combo, mwenzetu wa darasani, mtoto wa Ntsoudjini, mrefu, mwenye aibu, anayezungumza zaidi na ukuta kuliko na watu. Kitabu chake kilikuwa hakina jalada wala kurasa za mwanzo, lakini yeye alikuwa anakijua. Tulikaa naye uani kila alasiri, akituchorea nyaya za umeme mchangani kwa kijiti. Bi Zoubeda alitukuta siku moja akasema tunachafua ua.

Basi, dada, nikufikishe kwenye jambo lenyewe. Kila mara wageni walipokuja, wa ubalozi au wa mashirika ya Ulaya, tulipangwa ukumbini na kila mmoja akatakiwa asimulie maisha yake. Mouzaoir aliziita shuhuda. Sisi tuliziita machozi. Kabla ya wageni kulikuwa na mazoezi, na katika mazoezi hayo alitusahihisha kama mtu anayesahihisha imla. Mimi niliambiwa nisimulie Majunga. Nikasimulia ilivyokuwa: kwamba baba alikuwa fundi cherehani, mwenye duka lake na vijana wawili chini yake, anawashonea suti maofisa wa bandari, kwamba Desemba ile Wakomoro walipouawa, wavamizi walimkuta dukani, na kwamba wewe ulinificha chini ya vitambaa mpaka kelele zikaisha.

Alinisikiliza akigonga penseli mezani, kisha akasema fundi mwenye duka hawezi kumwingia mgeni moyoni. Akataka baba awe mchukuzi wa mizigo. Akaniuliza kama ni kweli macho yako ni mabovu. Nikasema yanakuuma kwa kudarizi kofia. Akasema, "Basi tuseme ni kipofu." Nikamwuliza kipofu anadarizi vipi. Akasema wageni hawajui kudarizi. Na akanionyesha pa kulia: nikifika kwenye vitambaa niinamishe kichwa, ninyamaze kidogo, kisha chozi.

Nilisimulia mara ya kwanza bila chozi, na wageni wakapiga makofi ya baridi. Mara ya pili nilimlilia baba kweli, kwa sababu nilimkumbuka mikono yake, na Mouzaoir akanijia baadaye akanipongeza kwa maendeleo. Sikiliza neno hilo, dada. Maendeleo. Mwanamke mmoja wa Kifaransa alinishika mashavu akaniambia nina macho yanayosema. Nilitaka kumwambia kwamba nina pia kichwa kinachojua kutafuta eneo chini ya mstari uliopinda, ila hakuna aliyeniuliza hilo, siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Mwezi wa Aprili yakamfika Combo. Kaka yake mkubwa alichukuliwa nyumbani kwao na askari, akiwa na mzungu mmoja aliyesimama mlangoni anavuta sigara. Walisema ameonekana na makaratasi ya kuipinga serikali. Mama yao alizunguka kila ofisi Moroni, na kila ofisi ikamwelekeza kwa nyingine. Kesho yake Mouzaoir alimwita Combo, akamwambia kwa sauti ya huruma ambayo bado naisikia kama mafuta yaliyoganda kwamba Nyumba ya Nuru haiwezi kumweka mtu ambaye familia yake haina shukrani. Combo alikunja mkeka wake. Kitabu kile kisicho na jalada akaniachia. Nilimwuliza atasomea nini, akasema yeye anakumbuka.

Mwezi wa Mei ikaja sherehe kubwa. Nafasi mbili za kwenda kusoma Ufaransa zilikuwa zimepatikana, na tuliambiwa moja ni yangu, mradi bakaloria nipasi na sherehe ipite vizuri. Nilipewa karatasi ya hotuba. Ndani yake baba ni mchukuzi, wewe ni kipofu, na mwisho namgeukia Kapteni na kumwita baba yetu wa pili. Asubuhi yake Bi Zoubeda aliniona nimejifunga shiromani yako nyekundu, ile nguo ya kujitanda uliyonipa siku niliyoondoka, akasema imependeza mno. Akamwita mwanamke anayefagia, akamvua shiromani yake iliyochanika pembeni, akanifunga mimi kwa mikono yake mwenyewe. Yule mama alibaki jikoni amejifunga kitambaa cha meza mpaka sherehe ilipokwisha. Wageni walipaswa kuuona umaskini, na umaskini wetu ulikuwa haujachanika vya kutosha.

Hata hivyo, dada, nilikuwa nimeazimia kuisoma ile karatasi. Naapa. Nilijiambia baba yuko peponi, hapungukiwi kitu kwa kuitwa mchukuzi, nawe utanisamehe upofu nikirudi na shahada. Nilisimama, nikaifungua karatasi, nikainua macho kumtafuta Kapteni kama nilivyofundishwa. Alikuwa mstari wa mbele, amekunja miguu, uso mwekundu kwa joto. Na kichwani alikuwa amevaa kofia yako.

Usidhani nilikosea. Nani mwingine anadarizi ua lenye ncha tano na kuliacha tundu moja wazi katikati, kama mlango? Niliijua toka mbali kama ninavyojua mwandiko wako. Kazi ya miezi mingi ile, kazi ambayo bwana harusi wa Mutsamudu hujivunia kuivaa siku moja ya maisha yake, na yeye ameivuta mpaka masikioni kama chungu. Papo hapo nikaelewa. Ulikuwa unamshonea Mouzaoir kofia ili mimi nikae pale, unaziacha kazi za watu wanaokulipa, hukuniambia, na yeye anazigawa kwa wakubwa kwa jina lake.

Niliikunja karatasi. Nikasema kwa Kifaransa kile kile alichonifundisha, bila kuinua sauti, kwamba baba yangu alikuwa fundi cherehani wa Majunga na hakuwahi kumbebea mtu mzigo isipokuwa mimi mgongoni. Nikasema dada yangu anaona vizuri kuliko watu wengi waliomo ukumbini, na ushahidi uko juu ya kichwa cha Bwana Kapteni. Nikasema kama kuna wa kushukuriwa kwa fizikia ninayoijua ni Combo wa Ntsoudjini, ambaye hayupo kwa sababu kaka yake yuko jela na hakuna aliyeambiwa kosa. Kisha nikawatakia wageni chai njema, nikaketi.

Hakuna aliyepiga makofi. Kapteni aliivua kofia, akaitazama kwa ndani kama mtu anayetafuta chawa, akaivaa tena. Hakuwa amekasirika, mtu hakasirikii sisimizi. Aliyetetemeka ni Mouzaoir. Na wageni wa Ulaya, wale wenye mioyo laini, walianza kuzungumzia barabara ya uwanja wa ndege. Nilidhani angalau mmoja wao angeniuliza jambo. Yule aliyependa macho yangu aliniangalia kama chakula kilichochacha, akageukia keki.

Mouzaoir hakungoja vikombe viondolewe. Aliniita chumbani kwake akaniuliza kama najua nimefanya nini. Nikamwuliza kofia ngapi. Akasema, "Dada yako ni mtu wa shukrani, wewe ni mtu wa mdomo." Akaniambia nafasi yangu sasa ni ya kijana mwingine. Huyo mwingine, dada, ni mpwa wa Bi Zoubeda, aliyekulia katika nyumba yenye majokofu mawili na hajapata kulala Nyumba ya Nuru hata alasiri moja. Nilifungua shiromani ya yule mama mfagiaji, nikampelekea jikoni, nikachukua yangu na kitabu cha Combo, nikatoka.

Sikuwa na pa kwenda ila Ntsoudjini. Nilipanda kwa miguu na sanduku kichwani, nikafika kwa mama yake Combo, Bi Roukia, mwanamke ambaye mtoto wake mmoja yuko jela na wa pili amefukuzwa, na aliponiona mlangoni alichosema tu ni kwamba ndizi zinakaribia kuiva, nikae. Hakuniomba nisimulie maisha yangu. Nilikaa kwake wiki zote za mwisho kabla ya mtihani. Combo alinifundisha mpaka siku ya mwisho, na mtihani tulipaswa kuufanya wote wawili, kwa sababu majina yetu yalikuwa yamesajiliwa na skuli ya serikali, siyo na Mouzaoir.

Lakini juma lile lile la mtihani walimhamisha kaka yake, na hakuna aliyetaka kusema wapi. Combo alibeba chakula kutoka lango la jela moja hadi jingine akimtafuta. Mimi niliingia ukumbini, nikaikuta karatasi ya fizikia ni mambo yale yale aliyonichorea mchangani, na kiti chake mbele yangu kiko kitupu. Niliandika nikiwa na hasira mpaka nikatoboa karatasi.

Nimepasi, dada. Nimepasi vizuri, jina langu lilisomwa redioni katika wale wa mwanzo, labda ulisikia. Na saa hiyo hiyo Mouzaoir akasikika redioni akisema Nyumba ya Nuru inajivunia binti yake. Binti yake. Nadhani ukimwacha karibu na maiti atasema ni yeye aliyeisafirisha peponi.

Siku chache baadaye alikuja Ntsoudjini kwa gari la Bi Zoubeda. Alitandika leso yake barazani kabla ya kuketi. Bi Roukia alimmiminia chai, hakuigusa. Akaniambia Kapteni ana moyo mkubwa, amelicheka jambo lile, na mpwa wa Bi Zoubeda kwa bahati mbaya ameanguka mtihani. Kwa hiyo nafasi imerudi kwangu. Linalotakiwa ni dogo: niombe radhi mbele ya Kapteni, na nipigwe picha nikiwa katikati yao.

Nikamwuliza vipi kuhusu Combo, ile nafasi ya pili, kama inaweza kumngoja mwaka mmoja arudie mtihani. Akauliza, "Combo yupi?" Combo alikuwa amesimama mbele yake, ameshika birika. Akasema, "Ah," akaniambia mtu haendi chuo kikuu kwa kuonewa huruma. Mtu aliyewalisha wageni huruma mwaka mzima kwa kijiko, dada, ndiye aliyeniambia hivyo.

Hapa ndipo pagumu. Kila nilichokwisha andika ni rahisi, kwa kuwa kumdharau Mouzaoir si kazi. Nilimwambia radhi aiandike yeye na aiombe yeye, kwa sababu ndiye mwenye mazoezi, na picha ampige mpwa. Nimeikataa nafasi, dada. Nimeikataa Ufaransa. Bi Roukia mwenyewe alinifinya mkono nikubali, Combo akanitazama kama mwehu, na gari lilipoondoka ndipo nilipojiuliza nimefanya nini. Sijui kama ilikuwa heshima au kiburi. Najua tu kwamba nafasi ile haikuwa yangu peke yangu. Ulinunua nusu yake kwa macho yako, nami nikaitupa barazani kwa watu bila kukuuliza. Mouzaoir anakuja kukwambia hivyo hivyo, na katika hilo tu hatasema uongo.

Sikukaa bure. Skuli ya Mirontsy, hapo jirani na Mutsamudu, ilikuwa inatafuta mwalimu wa hisabati na fizikia, na kwa bakaloria yangu wamenikubali. Nitaanza skuli zikifunguliwa. Nimemwomba mkuu wa skuli chumba kimoja cha alasiri kwa watoto wanaotaka bakaloria, wa kwetu tuliotoka Majunga na wengine. Atakayekuja atafundishwa fizikia. Maisha yake atayaweka kwake. Combo ataufanya mtihani mwakani. Kaka yake amepatikana, yuko hai, bado wamemfunga.

Na sasa neno la mwisho, ambalo nimelizunguka tangu salamu. Siko Moroni, dada. Naandika barua hii Mirontsy, nyumbani kwa Khalati Zainaba, dada wa mama yetu. Nilishuka bandarini kwako juzi na sanduku langu, nikapita mtaani kwetu nimejifunika shiromani mpaka machoni. Mlango wako ulikuwa wazi. Ulikuwa umekaa kizingitini, kofia umeisogeza karibu kabisa na uso, unatafuta tundu la sindano. Sikumwogopa Kapteni na wanaume wake wenye bunduki. Sikumwogopa Bi Zoubeda. Nilikuona wewe na sindano, miguu ikanibeba moja kwa moja mpaka Mirontsy bila kugeuka.

Basi aliyekuletea barua hii ni Khalati mwenyewe, na ameahidi kukaa hapo mpaka uimalize. Usihangaike kuandika jibu. Mwambie yeye neno, lolote litakalokuwa, hata la matusi. Nimestahili, na kutoka kwako ni halali. Mbusu Rachadi. Pokea mkono wangu na heshima yangu yote, na Mungu akulindie nuru ya macho yako.

Khalati amekataa kunipikia leo. Anasema mchana huu nitakula kwa dada yangu au nitalala na njaa.

Mdogo wako,
Moinaidi